Kiti cha Mama Kwenye Pikapu

Mama alitaka kuona mahali maji yanapotoka. Hilo tu. Nyumba yake iko upande wa Ahero, kati ya mashamba ya mpunga, na mafuriko huingia humo bila hodi, hata siku ambazo huko chini hakujanyesha tone. Watu wakimwambia, "Ni mvua ya juu hiyo," anageuka kuitazama milima ya Nandi. Maji yalishachukua kuku wake, sufuria zake, na mara moja mlango mzima. Maisha yake yote aliitazama ile milima na hakuwa ameikanyaga hata siku moja.

Mimi nilikuwa naishi mjini, mtaa wa Nyalenda, na mume wangu na mtoto wetu wa kwanza, ambaye bado alikuwa ananyonya. Miaka ya tisini ilikuwa ndiyo imeanza. Mume wangu aliendesha pikapu ya duka la vifaa vya ujenzi, na Jumapili tajiri wake alimwachia. Nikasema basi, tumpeleke Mama Nandi, twende asubuhi turudi jioni. Huko juu kuna hoteli yenye bustani ya nyasi, nilikuwa nimeiona kwenye picha ya kalenda. Tunywe chai pale kama watu, Mama aone maji yake, turudi. Ugumu uko wapi hapo?

Mume wangu alikubali kabla sijamaliza kusema.

"Mama atakaa mbele na wewe, yeye ni mtu mzima," nikamwambia. "Mimi na mtoto tutakaa nyuma."

Akaacha kutafuna. "Klachi," akasema.

"Klachi imefanya nini?"

"Inasumbua kidogo."

Juzi tu klachi hiyo hiyo ilikuwa imebeba simiti mpaka Port Victoria na kurudi bila kulalamika. Lakini mimi si fundi.

Wiki iliyofuata klachi ikapona. Sasa Mama akatuma habari kwamba goti limemshika, hawezi safari. Jumapili nyingine goti likawa sawa na klachi ikaugua tena. Nilidhani nimerogwa. Nilikuwa nimekaanga samaki, nimepika chapati, nimejaza chai kwenye themosi, na yote tukaishia kuyala sakafuni Nyalenda kama matanga.

Jirani yangu, mama mmoja kutoka Nyeri aliyeuza mitumba sokoni, alikuja akanikuta nikipasua kuni kwa hasira.

"Wewe mama, hawa watu wako wana nini? Gari liko, petroli iko, na mlima haujahama."

"Niulize mimi!"

"Labda hawapendani."

Hilo ndilo lililonichanganya zaidi, kwa sababu walipendana. Mume wangu alimpelekea Mama mabati bila kuombwa. Mama alimsifu kanisani mpaka wanawake wenzake wakachoka. Nikamfunga mtoto mgongoni nikaenda Ahero kujionea lile goti.

Nilimkuta Mama anaruka mfereji wa maji ya mpunga na mzigo wa nyasi kichwani. Aliruka kama mbuzi.

"Goti liko wapi?" nikamwuliza. Hata sikumsalimia.

Akautua mzigo polepole. "Lilipona jana."

"Mama, unataka kwenda au hutaki? Sema! Mimi ndiye nahangaika na chapati!"

"Nataka, nyathina." Hivyo ndivyo alivyoniita akitaka kunituliza, mtoto wangu. "Nataka sana. Lakini wewe ulisema nikae mbele."

"Ndiyo, mbele! Kwani nimekutukana?"

Akanitazama kama mtu aliyesomesha mtoto sekondari bure. "Mimi nikae na mkwe wangu mguu kwa mguu? Ndani ya kile kisanduku? Unataka nife kwa aibu?"

Sasa, mimi nilizijua desturi zetu. Nilijua mama mkwe na mume wa binti yake hawapeani mkono. Nilijua hawali meza moja. Mmoja akila ndani, mwingine anakula nje. Lakini gari? Wazee walioweka mwiko huo waliona gari wapi? Na wale wawili hawakuwa wamezungumza neno juu ya jambo hilo, lakini kila mmoja, peke yake, alikuwa ametunga ugonjwa wake. Mmoja klachi, mwingine goti. Na mimi katikati!

"Basi mimi nikae katikati yenu."

"Na akishika breki, nimwangukie?"

"Basi kaa nyuma na mimi."

"Huyo mume wako ana heshima. Hawezi kunibeba nyuma kama simiti mbele ya watu wa Ahero. Atakataa."

Ni kweli, angekataa. Mbele aibu, nyuma aibu. Hasira ikanipanda mpaka mtoto akaanza kulia mgongoni.

"Sasa unataka nini? Nikufungie kiti cha sofa huko nyuma kama askofu?"

Nilisema kwa matusi, Mungu ananijua. Lakini Mama hakucheka. Aliangalia kule nyumbani kwake, akafikiri.

"Kile chenye vitambaa?" akauliza.

Jumapili hiyo klachi haikuumwa na goti halikuuma. Mume wangu alikifunga kiti kwa kamba ya katani, akaikaza kuliko anavyokaza mzigo wa tajiri, kisha akaenda kusimama nyuma ya nyumba mpaka Mama apande. Kiti kilitazama nyuma, ili wasionane kwenye kioo. Mama akakaa na mwavuli wake, mimi na mtoto miguuni pake. Watoto wa Ahero walitukimbilia wakipiga vigelegele, wakidhani ni bibi harusi.

Kwa hiyo Mama alipanda mlima kinyumenyume. Uwanda ukawa unashuka mbele ya macho yake, mpunga, barabara, na ziwa kule mwisho.

Kwenye hoteli yeye alikaa bustanini na mume wangu akala ndani ya pikapu. Mhudumu alibeba sahani huku na huku mpaka akanong'ona, "Mama, hawa wamegombana?" Nilikuwa nimechoka kueleza. Nikamwambia alete sukari.

Baadaye tukamwonyesha maji. Ni kijito kilichopita chini ya mashamba ya chai kikishuka kuutafuta mto Nyando. Mama alikikagua, akakivuka kwa hatua moja, akarudi kwa hatua moja.

"Haka?" akasema. "Haka ndiko kalibeba mlango wangu?"

"Kanaungana na vingine, Mama, huko chini."

Alikitazama kwa hasira ambayo naijua, kwa sababu mimi ndiye niliyeirithi. Kisha akavua viatu, akaosha miguu humo taratibu, mmoja halafu mwingine, kama mtu aliye kwake.

"Mwambie baba mtoto," akasema huku akijifuta na leso, "tukirudi asimame pale kwenye kona kubwa. Nataka kuona ni wapi yanaungana."

Mume wangu alikuwa karibu, ametugeuzia mgongo, amesikia kila neno. Akangoja nimwambie.

Nikamwambia.