Vyura wa Zabibu Handakini

Zabibu binti Hamidi alikaanga maandazi pale Hamugembe, na karatasi za kufungia zikibaki alizikunja ziwe vyura. Pembe za mbele ziwe miguu, nyuma aikunje mara mbili, mbele na nyuma, hiyo ndiyo springi. Ukibonyeza mgongo, chura anaruka.

Vita na Uganda ilipoanza, akina mama waliokwenda shamba walimwachia watoto. Handaki sisi majirani tulilichimba kwenye migomba yake. Ndege zikisikika tunaingia humo, naye anakunja vyura ili wadogo wasilie.

"Mama, unafuga vyura vitani?" Mwijage wa mgambo alimcheka.

"Heri mimi. Wewe umefuga ndevu na bunduki ya mti."

Siku ile bomu la kwanza lilianguka upande wa ziwani, udongo ukatumwagikia. Watoto walikuwa wanashindanisha vyura ukingoni. Yoeli, mtoto wa Celina, miaka mitano, alibonyeza wake kwa nguvu, chura akarukia nje. Yoeli akaparamia ukuta kumfuata.

"Rudi!" Zabibu akamdaka kifundo cha mguu. Mtoto akampiga teke la mdomo, jino likang'oka. Zabibu akavuta hadi kifundo kikalia. Ndipo bomu la pili likapasua mgomba wa karibu. Kipande cha chuma kilimchana Zabibu bega, tukaona mfupa. Wakaanguka ndani wote wawili, Zabibu juu.

Celina alikuja mbio kutoka shamba na jembe lake. Akamwona mwanawe ameloa damu, kimya.

"Omwana wange! Umeniulia mtoto, wewe na makaratasi yako!"

Akampiga Zabibu kwa mpini. Mgongoni, kisha kichwani. Zabibu hakujikinga.

"Mama Yoeli, damu ni yake!" nilipiga kelele. "Ni ya Zabibu!"

Yoeli akakohoa, akaanza kulia kwamba mguu unauma.

Celina akatupa jembe. Akavua kitenge, akalifunga lile bega, huku bado anatukana. Kisha akataka kumbeba mwanawe, akashindwa. Mkono wa kushoto wa Zabibu ulikuwa umekaza palepale kifundoni.

"Mwachie, dada. Yuko hai. Mwachie."

Macho ya Zabibu yalikuwa wazi lakini hakusikia. Ndege ilikuwa inarudi. Celina akapiga magoti kwenye matope yale ya damu, akaanza kuvibandua vidole vyake, kimoja kimoja.