Herufi za Bugaluu

Nina duka dogo la kuchapa mabango Munuki, hapa Juba, na kati ya herufi zote zilizomo kwenye kompyuta yangu kuna aina moja ninayoipenda kupita kiasi. Haina vile viguu vidogo vya herufi za vitabuni, wala si kavu kama maandishi ya kwenye mfuko wa simenti. Mistari yake inasimama wima, halafu ikikaribia mwisho inatanuka kidogo, taratibu, kama suruali ya bugaluu iliyoshonwa na fundi mwenye adabu. Nimeitumia kwenye kadi za harusi, vibao vya maduka ya dawa, hata bango la kwaya. Inasomeka ukiwa juu ya boda boda, na bado ina heshima zake.

Si wote wanaoniunga mkono. Msomali mmoja kutoka Kenya, muuzaji wa jumla, aliitazama sampuli ya kibao chake akaguna. "Bana, hizi herufi zimenyamaza sana. Mimi nauza mchele, siuzi matanga." Nilinuna siku nzima. Mtu akiidharau fonti yangu naona kamtukana ndugu yangu.

Lakini aliyenipa kazi ngumu kuliko zote ni mama. Baba tulimzika uani kwetu Gumbo, kando ya mdogo wake, kama familia nyingi zinavyofanya. Macho ya mama hayaoni tena. Kila asubuhi alikuwa akienda kaburini kwa kupapasa, kwa sababu hataki kushikwa mkono, anakaa, anazungumza na mumewe. Siku moja dada yangu akamkuta kwenye kaburi lisilo lenyewe: alikuwa amemwagia shemeji yake siri zote za ndoa. Sisi tulicheka. Mama alilia.

"Mtoto yangu," akaniambia, "wewe naandika majina ya watu yote ya Juba. Andika ya baba yako, mkono yangu isome."

Mama alijifunza kusoma ukubwani, tulipokuwa wakimbizi Uganda, kwa hiyo herufi kubwa anazijua. Tulipoamua kuyajengea makaburi yote mawili kwa simenti, mwashi alitaka kuchora majina kwa msumari, kama ilivyo desturi. Nilimwomba asubiri. Nilichonga herufi za mbao, nikazijaribu kwanza kwenye kipande cha simenti mbichi. Zenye viguu zilibomoa kingo nilipozing'oa. Zilizonyooka zilitoka salama, ila ncha zake zilikuwa butu, na kidole hakikujua mstari umeishia wapi. Zile zangu ziling'oka vizuri, na kila mstari ulipokwisha, kidole kilihisi nafasi ikitanuka. Nilifumba macho nikasoma. Nilijivunia zile herufi kana kwamba nimezizaa.

Nilizikandamiza kwenye makaburi yote mawili, na simenti ilipokauka, mama alipiga magoti katikati ya makaburi. Asiposoma, ingebidi aongozwe kwa mkono, jambo analolichukia. Aligusa la kulia, akafuata herufi moja moja. "Huyu shemeji," akasema, akalipigapiga kidogo kama anayeomba radhi. Akageukia la pili. Kidole kilipita polepole kwenye jina la baba, kikafika mwisho, kikarudi mwanzo, kikapita tena.

Kisha akatufukuza kwa mkono. "Nyinyi kwenda ndani. Hii maneno si yenu."