Nazaria wa Mashine ya Maji

Eulogia Guity alikuwa mwoka mikate ya muhogo, na mikate yake ilijulikana upande wote wa mashariki wa kisiwa cha Roatán, lakini yeye mwenyewe alipenda zaidi kusifiwa kisima chake. Kilichimbwa na baba mkwe wake nyuma ya nyumba, mahali ambapo hakuna aliyetarajia maji matamu, kwa kuwa bahari iko pua na mdomo na ua wao. Watu wa mtaa walichota pale asubuhi na jioni. Hakuna aliyeulizwa kitu, ila Eulogia alitaka asalimiwe kwanza.

Nazaria, bintiye mkubwa, alikulia kwenye kelele za ndoo za kisima hicho. Alikuwa msichana mkubwa hoteli zilipoanza kupanda kilimani na kuchimba visima virefu vya pampu kwa ajili ya mabwawa ya kuogelea na bustani. Kisima cha nyumbani hakikukauka. Kikaingia chumvi ya bahari iliyovutwa na zile pampu, polepole, hata ikawa vigumu kusema ilianza mwaka gani. Kwanza sabuni ikawa haitoi povu. Kisha kahawa ikabadilika ladha, Eulogia akamlaumu muuza kahawa. Mchaichai uliokuwa kando ya kisima ulipokauka, hakuwa na wa kumlaumu tena. Wazee wa mtaa wakaenda kuzungumza na watu wa hoteli, wakakaribishwa viti na soda baridi, wakaambiwa jambo lao litaangaliwa. Wakarudi nyumbani.

Nazaria akaenda kufanya kazi kwenye meli ya kitalii, moja ya zile zinazozunguka visiwa vya Karibi na kufunga gati Roatán kila baada ya wiki mbili. Alianza kwa kuosha sahani chini kabisa, asikojua kama nje ni mchana au usiku. Baadaye akapandishwa juu, kwenye ukumbi wa chakula wa abiria, akakabidhiwa mashine za maji. Ukisikia kazi yenyewe utacheka. Kazi ya Nazaria ilikuwa kusimama kando ya mabomba na kuwazuia watu wazima wasiingize mdomo wa chupa kwenye mdomo wa bomba.

"Samahani mama, jaza kwenye glasi kwanza, halafu mimina kwenye chupa."

"Kwa nini? Chupa ni yangu, mate ni yangu."

"Bomba ni la wote, mama."

Wengine walicheka, wengine walinuna. Swali aliloulizwa kila siku lilikuwa kama maji yale ni salama, nayo yalikuwa salama. Siku za mafunzo, injinia aliwateremsha wafanyakazi wapya hadi kwenye mitambo, akawaonyesha bahari inapoingilia na maji ya kunywa yanapotokea, akaeleza namna yanavyotiwa dawa na kupimwa kila wakati. Akawapa kila mmoja kikombe. Nazaria alikunywa, akabaki amekishika. Hayakuwa na ladha yoyote. Alikuwa amesahau kwamba maji yanaweza kutokuwa na ladha.

Mwaka uliofuata miguu ya Eulogia ikaanza kuvimba. Daktari wa mjini Coxen Hole akampima presha, akampima damu, akasema figo zimechoka. Akamkataza chumvi, na maji ya kile kisima akamwambia asiyaonje hata kwa ulimi.

"Sasa nikanywe wapi?" Eulogia aliuliza.

"Maji ya kununua, doña. Yale ya madumu."

Maji ya madumu yaliletwa na lori. Nazaria alituma pesa, na mdogo wake Olimpia, aliyekuwa akiishi na mama, alinunua. Lakini lori lilikuwa na wateja wake wakubwa, na mvua ikinyesha njia ya kijijini kwao ikawa tope, dereva alimalizia safari hotelini. Siku hizo Olimpia alichemsha maji ya kisima. Yakichemka wadudu wanakufa, ila chumvi haiondoki. Olimpia alilijua hilo vizuri na bado alichemsha, kwa sababu mtu hawezi kukaa bure akimtazama mama yake ana kiu.

Ndipo Nazaria akaanza kubeba maji ya meli. Meli ikifunga gati, alijaza chupa zake, akazifunga kwenye taulo, akashuka nazo begani kama mtu anayekwenda kuogelea. Sheria ilikataza kutoa chakula na vinywaji melini, lakini walinzi wa ngazi walimjua, na chupa ni chupa. Akipata ruhusa ya saa chache, alipanda gari hadi nyumbani na kuzipanga mezani mbele ya mama yake.

Mara ya kwanza Eulogia alinusa, akaonja, akasema, "Mmeyatoa wapi haya?"

"Baharini, mama. Yanachujwa."

"Bahari gani?"

"Si hii hapa."

Mama akaangalia nje ya mlango, kisha akamwangalia binti yake. "Bahari hii hii iliyoniharibia kisima? Kumbe inaosheka?"

"Inaosheka, lakini kwa mashine kubwa, mama. Kubwa kuliko kanisa."

"Basi mwambie huyo mwenye mashine aje aoshe na huku."

Olimpia akacheka mpaka akakohoa. Nazaria naye alicheka, lakini neno lile lilimkaa rohoni. Alijua chupa anazobeba si kitu. Mtu mmoja huzimaliza kabla jua halijatua mara mbili, na meli hairudi mpaka wiki mbili zipite. Tena Eulogia hakuwa mtu wa kunywa peke yake. Akija jirani, alimmiminia kikombe cha maji ya meli kama anavyommiminia mgeni kahawa.

"Mama, yale ni dawa yako," Nazaria alimgombeza.

"Na Fermina aje kwangu nimwambie sina maji? Mimi?"

Nazaria aliendelea kubeba, kwa kuwa mkono mtupu haulambwi, na kuja bila kitu kungekuwa vibaya zaidi.

Msimu wa watalii ulipopamba moto, tumbo likaingia melini. Ni ugonjwa wa kutapika na kuharisha, unaopita kwa mikono na vishikio vya milango, na ukishaingia kwenye meli iliyojaa watu huenea kama moto wa kiangazi. Nahodha akatangaza. Vijiko vikaondolewa, hakuna abiria kujipakulia chakula. Nazaria akapewa glovu na barakoa, akaambiwa kuanzia sasa hakuna abiria kugusa bomba. Ni yeye atakayejaza.

Mara uvumi ukaanza kwamba ubaya uko kwenye maji. Injinia akapima, akapima tena, akabandika majibu ukutani: maji safi. Hakuna aliyesoma. Watu waliotoka vyumbani na chupa zilizojaa walisimama mbele ya Nazaria na kuzimwaga kwenye sinki, moja baada ya nyingine, kisha wakaenda kununua maji ya dukani.

"Ni safi, bwana," aliwaambia. "Hata mimi ninayanywa."

"Wewe umezoea," bwana mmoja akamjibu, bila ubaya wowote, akaendelea kumwaga.

Nazaria akasimama pale akisikiliza maji yakizama sinkini. Kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi aliona haya, wala hakujua ni haya ya nini.

Habari ikafika Roatán kabla ya meli. Jioni ya kuamkia kufunga gati, Olimpia akapiga simu.

"Dada, huku wanasema meli yenu ina kipindupindu."

"Si kipindupindu. Ni tumbo la kawaida."

"Wanasema ni maji."

"Olimpia, usinikere. Maji hayana kitu. Mama yukoje?"

"Lori halijafika tangu mvua zianze. Miguu imefika hapa." Nazaria hakuweza kuona "hapa" ni wapi, lakini alijua. "Halafu chakula hataki. Anasema kila kitu kina chumvi, hata ndizi."

"Kesho naja. Nakuja na maji."

Asubuhi Desmond, msimamizi wao, Mjamaika mwenye sauti nzito ya mwimba kwaya, akawakusanya wafanyakazi wa ukumbi. Abiria wazima wataruhusiwa kushuka. Mfanyakazi hashuki hata mmoja, mpaka ugonjwa uishe. Nazaria akamfuata pembeni.

"Bosi, mimi hapa ni kwetu. Mama anaumwa."

"Najua, Naza."

"Nusu saa tu. Mdogo wangu atakuja getini, nampa chupa, narudi. Hata mikono hatutashikana."

Desmond akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Wewe ndiye unayeshika maji ya watu wote. Ukishuka wewe, mimi nitawaambia nini hao wengine? Mimi si katili, dada. Nakuomba usiniombe."

Hapo ndipo Nazaria alipomfikiria Doreen. Doreen alikuwa mama mtu mzima kutoka Kanada, mpole, mmoja wa wachache walioendelea kuja na chupa zao wakati wengine wanamwaga. Alisafiri na mumewe, mzee mrefu asiyesema sana. Doreen alipofika kujaziwa maji ya matembezi, Nazaria alitazama huku na huku, akamwambia shida yake kwa maneno machache. Mdogo wake atakuwa nje ya geti la bandari, amevaa kilemba cha njano. Ni chupa mbili tu, mama, ampe. Abiria hakuna anayemkagua.

"Kwa mama yako?" Doreen akauliza.

"Kwa mama yangu."

"Basi nipe."

Nazaria akazijaza mpaka shingoni, akazikaza vifuniko. Ukumbi ukabaki mtupu. Kutoka dirishani aliona kilima, paa jekundu la kanisa, na barabara inayoelekea kwao ikipotea kwenye miti. Mtu angeweza kudhani ukinyoosha mkono utaishika. Akaanza kufuta meza ambazo zilikuwa zimeshafutwa.

Mchana Olimpia akapiga simu. "Niko getini. Hajaja mtu."

"Subiri. Mama mzungu, mfupi, kofia ya ukili."

"Dada, hapa wote ni wazungu na wote wana kofia."

"Subiri kidogo tu."

Olimpia alisubiri mpaka mlinzi wa bandari akamwambia asogee, anazuia magari ya wageni.

Doreen alirudi jioni, uso mwekundu, akaja moja kwa moja kwenye mashine za maji. Chupa alizishika kwa mikono miwili, zote tupu.

"Nisamehe," alisema. "Walitutoa kwa basi, kupitia geti jingine. Nikasema nitampa tukirudi. Kisha huko juu basi likaharibika, jua lile, mume wangu akaishiwa nguvu akakaa chini barabarani. Sikuwa na maji mengine. Nikampa." Machozi yalimlengalenga. "Nilijua ni ya nani. Nikampa."

Nazaria alitafuta hasira asiipate. Angemwambia nini? Kwamba angemwacha mzee wake aanguke? Yeye mwenyewe angefanya vile vile.

"Anaendeleaje sasa?" akauliza.

"Amelala. Anataka maji."

"Lete hizo chupa."

Akazichukua, akazijaza kwa glasi, taratibu, kama sheria inavyotaka, akampa. Mama yule akamshika mkono juu ya glovu, jambo lililokatazwa siku zile, kisha akaondoka. Meli ikapiga honi, ikajisukuma kutoka gatini, na Nazaria hakwenda dirishani.

Siku tatu baadaye Eulogia alizidiwa. Walimvusha kwa boti hadi La Ceiba, bara, hospitali iliyo na mashine ya kusafishia damu. Hakufa. Daktari wa huko alisema figo hazikuharibika wiki ile wala mwezi ule, na kwamba chupa mbili zisingebadilisha kitu. Olimpia alimpigia dada yake simu kumweleza hayo akidhani anampoza. Nazaria aliyasikia, akashukuru, kisha akakaa kitandani mwake melini, chini ya usawa wa bahari, akijaribu kuona kama yamempoza. Chupa zote za miezi yote ile, basi, hazikubadilisha kitu.

Eulogia hakuweza kurudi kisiwani. Mashine iko bara, na lazima alale karibu nayo. Akapangishiwa chumba kwa binamu, Olimpia akaenda kukaa naye, nyumba ikafungwa. Fermina anachota maji ya kuoshea pale kisimani na kufagia ua.

Simu ya Nazaria na mama yake huwa fupi. Eulogia hulalamika kwamba maji ya La Ceiba yananuka dawa, na kwamba muhogo wa bara hauokeki. Kisha huuliza lile lile.

"Unakuja lini, mwanangu?"

"Mkataba ukiisha, mama."

Mkataba uliisha Septemba. Desmond akamwita ofisini, akamwambia kampuni inamtaka tena. Dawa za mama, nauli za hospitali na kodi ya kile chumba vyote vilitoka melini, wala Olimpia hakuwa na kazi tena ila kumwuguza. Akiacha kazi atakaa na mama yake, lakini watakaa wakitazamana. Nazaria aliomba afikirie mpaka kesho, akatoka nje, akafika mlangoni pa ukumbi, akarudi palepale, akaomba kalamu.

Usiku ule akampigia mama simu, amweleze. Olimpia ndiye aliyepokea, akasema mama katoka kwenye mashine, amechoka, amelala.

"Nimwamshe?"

"Hapana," Nazaria alisema. "Mwache alale."