Mbwa wa Mama wa Timau

Nilipoajiriwa ualimu niliulizwa maswali manne. Nilipotaka mbwa niliulizwa kama ishirini, tena nimesimama kwenye baridi ya Timau meno yakigongana. Aliyeniuliza alikuwa mama wa Kizungu, mjane, mzaliwa wa huku huku. Yeye na marafiki zake wachache walijitolea kuwachukua mbwa wa Kijerumani, wale wakubwa wa polisi, walioachwa na wenyewe wakihama, na kuwatafutia nyumba. Hakutaka hata thumni. Alitaka majibu. Atalala wapi? Atakula nini? Utamfunga mchana?

Hilo la mwisho ndilo lilikuwa gumu, maana kwetu Githongo mbwa hufungwa kutwa, akafunguliwa giza likiingia. Nikasema sitamfunga. Akanipa karatasi nitie sahihi: mbwa asipigwe, asifungwe, na siku nikishindwa naye nimrudishe kwake, nisimpe mtu mwingine yeyote.

"Mwalimu," akaniambia, "hata ukishindwa kesho, mlete. Sitakukasirikia."

Nikatia sahihi kwa mkono wangu huu.

Na kwa miezi minane nilitimiza, sijisifu. Mbwa mwenyewe alikuwa na adabu kuliko darasa langu la saba. Alinisindikiza hadi geti la shule, akageuka, akarudi nyumbani kulala miguuni pa mke wangu. Mke wangu, ambaye mwanzoni alisema hataki mnyama anayekula kama mtu mzima, akawa anampikia uji wake kabla ya wetu.

Kisha baba mkwe akatutembelea kutoka Mbeere, kule chini kwenye joto, anakofuga mbuzi. Alimtazama mbwa kwa muda, akasema huyu angewafaa mbuzi wake, kwa vile fisi wamemsumbua mno. Kwetu mkwe akisifu kitu chako ameshakiomba, nami sikuwa nimemaliza kumlipa mahari. Mke wangu alinivuta jikoni, akaniambia nimweleze tu baba yake kwamba mbwa ana masharti, mzee ni mwelewa. Lakini mimi na kiburi changu! Nimwambie mkwe kwamba nimeandikiana mkataba na mwanamke, tena juu ya mbwa? Niliona atanicheka mpaka kwao sokoni Siakago. Nikarudi sebuleni nikamwambia mbwa ni wake. Kesho yake wakaondoka na lori la mtu aliyekuwa akishuka na viazi. Mbwa alipanda kwa sababu mimi ndiye niliyemwambia apande.

Mwezi wa pili baada ya hapo yule mama wa Timau alifika bila kutuma habari, pikapu yake imejaa matope, mkononi ana mfuko wa dawa za minyoo. Aliita jina la mbwa kabla hajanisalimu. Ningeweza kusema kweli. Nilikuwa na muda wote ule aliochukua kuvuka uwanja. Nikasema amekufa, ameumwa na nyoka kwenye kahawa.

Akauliza nimemzika wapi. Njia ya mwongo ni fupi, husemwa. Yangu ilikuwa hatua thelathini, kutoka mlangoni hadi nyuma ya migomba, ambako wiki ile nilikuwa nimefukia shimo la takataka. Udongo ulikuwa bado mbichi. Alivua kofia, akapiga magoti juu ya maganda yetu ya viazi, akalia. Akalia kweli, mabega yakitikisika, nami nikasimama kando nimeinamisha kichwa kama mfiwa. Mke wangu alikuwa akituletea chai. Alituona, akageuka nayo.

"Wengi huwatupa tu mtoni," mama akaniambia akijifuta macho. "Wewe umemzika. Asante, Mwalimu."

Akaniachia zile dawa, nimpe jirani yeyote mwenye mbwa. Nilizipokea kwa mikono miwili.

Wiki nzima mke wangu alinijibu ndiyo na hapana, basi. Jumamosi nikaenda Mbeere. Mbwa alikuwa amefungwa kwenye mgunga kando ya zizi, na manyoya yake yale ya nchi ya baridi, ulimi nje, mbavu zikihesabika. Aliponinusa alilia kama mtoto, akaruka mpaka mnyororo ukamkaba. Hakuwa na kinyongo hata kidogo. Heri angeniuma.

Nilimweleza mkwe yote, kuanzia ile karatasi hadi lile shimo. Nilingoja kicheko nilichokuwa nimekiogopa. Hakucheka.

"Ungesema ana mwenyewe, ningemkataa mimi," akasema. "Mfungue uende naye."

Nikaenda, nikaushika mnyororo. Mbwa akatulia, akainua shingo ili nimfungue vizuri. Timau si mbinguni, ningefika naye kabla ya jioni, na yule mama alikuwa amesema hatanikasirikia. Lakini alisema hivyo kabla sijamfanya aililie takataka. Na nyumbani kwangu siku yoyote angepita. Nilijaribu kujiona nikisimama mbele yake na mbwa huyu mzima, nikashindwa. Mtu mzima, mwalimu, ninayewachapa watoto wa watu kwa kusema uongo.

Nikauachilia mnyororo. Nikamwambia mkwe abaki naye tu, kwa kuwa kwangu alishazikwa. Mbwa alikuwa bado ameinua shingo.