Pemba Kubwa, Mwanangu

Juzi kazini, Dubai Marina, mwenzangu wa Ireland alinionyesha ramani ya vipande vidogo vya ardhi, kila kimoja na jina lake. Alikuwa anatafuta alikotoka babu wa babu yake. Nikakumbuka alasiri moja ya utotoni kwetu Al Baraha, mtaa wa hapa hapa Dubai, nyumba ikinukia udi na kahawa ya tangawizi.

Alikuja Bi Zuhura, mgeni aliyewatafuta jamaa za marehemu baba yake.

"Wa wapi?" Bibi akamuuliza.

"Pemba."

"Pemba kubwa, mwanangu. Wapi?"

"Mtambwe."

"Kiambo gani?"

Niliona haya. Sikujua kwamba kiambo, kile kijisehemu cha kijiji, hukaliwa na watu wa ukoo mmoja. Nilidhani Bibi anamfukuza kwa maswali, nikamsogezea mgeni haluwa kumwomba radhi.

"Bondeni kwa Faki," akasema taratibu.

Bibi akapiga kelele kuelekea jikoni. "Njooni mumwone ndugu yenu! Pale nyumba zilikuwa tatu, zote zetu!"

Bi Zuhura alilia mpaka kahawa ikapoa.

Mimi niliyekulia Dubai huogopa kukosea hata salamu za Kipemba. Lakini nikiulizwa kwetu, nataja kiambo kwanza, na sauti haitetemeki.