Kwenye Sinema ya Ngumi

Jenereta la jirani likiwaka, ile harufu ya petroli inanirudisha kwenye kibanda cha video cha Chang'ombe, nimebanana na baba mdogo. Baba yangu tulikuwa tumemzika juzi tu. Kwenye sinema, bondia mzee alimvalisha glovu mtoto wa rafiki yake aliyekufa, na mtafsiri wa pale kibandani akapaza sauti: "Anamwambia, kuanzia leo baba yako ni mimi!" Watu wakashangilia. Nikamtazama baba mdogo.

"Unanitolea macho ya nini? Hiyo ni sinema, wewe."

Kesho yake akanipeleka Kibaigwa, akaniacha kwa dalali wa mahindi nifagie ghala. Aliyenitupa ni yeye, tumbo moja na baba, nasema wazi. Nilimkimbilia nikimwita "Baba!", bila kutaja neno mdogo, naye akapanda lori.