Gesi ya Jikoni Ndani ya Gari

Mwongeli alifukuzwa kazi saa saba mchana, mwezi wa Februari, kwa kosa la kukataa kutia gesi ya kupikia katika AC ya gari la mteja. Mutuku, mwenye gereji, hakupandisha sauti. Alimwambia avue ovaroli, kisha aje ofisini wazungumze kistaarabu.

Gereji hiyo ilikuwa karibu na viwanda vya Athi River, mahali ambapo vumbi halitui mchana kutwa. Magari mengi yaliyofika pale yalikuwa yametumika kwanza katika nchi za baridi. Kwa miaka sita Mwongeli alikuwa amejifunza jambo ambalo wateja wachache walilijua: AC haitengenezi baridi. Huchota joto la ndani na kulitupa nje, na pale nje pakiwa pamezibwa, joto hukosa pa kwenda. Lakini mteja huweka kiganja kwenye tundu la hewa, akikosa baridi husema gesi imeisha, na fundi hukubali kwa sababu kukubali ni kwepesi kuliko kueleza. Gesi inayostahili ikikosekana, mtungi wa jikoni huingizwa kwa mlango wa nyuma. Baridi huja kweli. Huo ndio ubaya wake: mteja huondoka ameridhika, hajui kwamba siku bomba likivuja ndani, cheche moja inatosha.

"Mwaitu, wewe ni fundi ama ni mkaguzi?" Mutuku aliuliza, akimwita mama kwa Kikamba kana kwamba anamheshimu.

"Mimi ni fundi."

"Fundi anafanya kazi. Nimetia hiyo kitu kwa gari hamsini. Niambie gani imelipuka."

"Zikishatoka hapa hatuziulizi."

Mutuku alivuta droo akamwonyesha barua yenye muhuri, inayomsifu kwa miaka yake sita. Alijua kwamba karakana moja ya magari kule EPZ, eneo la viwanda vinavyouza bidhaa nje ya nchi, ilikuwa tayari kumwajiri Mwongeli Jumatatu, mradi awe na barua hiyo.

"Hii ni yako. Nitakutumia kesho, ukitoka na geti ya nyuma bila kuongea na mteja."

Mwongeli alifika kwenye geti hilo. Alishika komeo, akasimama. Kutoka pale aliliona gari lenyewe, milango wazi, na ndani yake mama mzee akijipepea kwa ncha ya leso. Alijiuliza ni maneno gani yangeandikwa katika barua ile kama ingesema kweli. Akaliacha komeo.

Mwenye gari aliitwa Othman, mfanyabiashara wa mjini Machakos. Kila wiki alimpeleka mama yake, Bi Khadija, kliniki.

Mwongeli alimwendea. "Ndugu, nikuulize kitu. Ukienda kasi, baridi inakuja?"

"Inakuja sawa."

"Na ukisimama kwa foleni?"

"Hapo sasa inapumua kama ng'ombe."

"Basi gesi iko. Gesi haiishi ukisimama ikarudi ukitembea."

Alimwomba awashe injini na AC, akafungua boneti. Feni ya mbele ilikuwa imetulia tuli. Waya wake ulikuwa umetafunwa na panya. Nyuma ya grili, wavu wa mabomba membamba unaotupa joto nje ulikuwa umejaa vumbi na mabawa ya wadudu. Gari likienda, upepo uliifanyia feni kazi yake. Likisimama, hapakuwa na wa kuifanya.

"Na hawa walikuwa wanataka kutia nini?"

"Gesi ya jikoni."

Othman alicheka. "Dada, mama yangu ana presha. Mimi nataka baridi, itoke popote."

"Itoke wapi?" Bi Khadija aliuliza, bila kuacha kujipepea. "Kwangu gesi naifunga kabla sijalala. Wewe unataka kunifungia nayo ndani ya gari na vioo umepandisha?"

Othman aliacha kucheka, akafunga boneti na milango, akaketi kwenye usukani. Mutuku alisimama mlangoni pa ofisi, akatazama gari likitoka.

Barua haikuja. Jumatatu, kule EPZ, msimamizi alimsikiliza Mwongeli kwa adabu, kisha akamwita aliyefuata.

Leo anafanya kazi Masinga, chini ya mabati manne kando ya barabara, katika joto linaloumbua AC yoyote. Huosha nyavu, hufunga feni. Humuuliza kila anayefika: nani alikutilia gesi mara ya mwisho, na alitia gani? Karibu wote hawajui. Mwezi uliopita aliikuta gesi ya jikoni katika gari linalobeba akina mama na vichanga vyao kutoka hospitalini. Alimsihi muuza chai wa jirani azime jiko lake, ndipo akaifungua polepole, upepo ukaichukua.

Dereva wa gari hilo hakuwa ameambiwa lolote. Kwa hiyo, wenye gereji, bandikeni chini ya boneti jina la gesi mliyotia, tarehe, na jina la fundi aliyeitia. Na ninyi mnaolipwa kukagua magari, mnaotazama taa na matairi mkapiga muhuri: pimeni kilichomo ndani ya mabomba hayo, na gari lenye gesi ya jikoni lisirudi barabarani na abiria hadi liondolewe gesi hiyo. Anzeni na yale yanayobeba watoto wachanga.